Nyumba Bila Ardhi

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mfanyabiashara mdogo wa mwambao hukaa baina yake kama msikilizaji aliyekaa baina ya mashaha wawili wasiokubaliana. Ya kwanza yanena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yajibu kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aliyeishika ile ya kwanza hunyamaza, akaiacha bidhaa yake iseme. Aliyeishika ya pili hutoka akanadi. Kwa muda mrefu methali hizi zilikaa pamoja bila ya ugomvi, kwa sababu soko lilikuwa karibu na njia ya kulifikia ilikuwa fupi. Halua njema ilijulikana kwa harufu yake kabla ya mpishi kujulikana kwa jina, na aliyeketi barazani mwake alihesabiwa kuwa yupo.

Leo mnunuzi hapiti tena mbele ya baraza. Mgeni anayekusudia kulala Mji Mkongwe wa Unguja huchagua chumba chake angali Milano, Nairobi au Maskati, na nyumba isiyoonekana katika mtandao kwake yeye haijajengwa. Kwa hivyo methali ya pili imeshinda, na wengi wa wenye biashara wamekwisha kusalimu amri. Swali lililobaki si kama mtu awe na mlango katika mtandao au asiwe nao, bali ni vipi ajenge mlango huo. Wauzaji wa huduma huligeuza swali hili kuwa la bei na wepesi. Bei na wepesi vimo ndani yake, lakini lililo chini kabisa ni swali la milki, la amana na la ukweli, na watu wa pwani walilijua kabla kompyuta haijawafikia.

Na ichukuliwe mfano nyumba ya wageni yenye vyumba 6, mali ya mjane na wanawe. Mbele yao ziko njia tatu. Ya kwanza ni kutokuwa na tovuti yao wenyewe: wakajiandikisha kwa mawakala wa kimataifa wa vyumba, wakafungua ukurasa wa Facebook au Instagram, wakatoa nambari ya WhatsApp. Njia hii haitaki mtaji wa kuanzia, ila wakala hukata fungu lake katika kila chumba anachokiuza, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Ya pili ni kwenda kwa kampuni zinazokodisha tovuti zilizokwisha kutengenezwa nusu, mfano wa Wix na Squarespace. Mteja huchagua kiolezo, akatia picha na maneno yake, akalipa ada kila mwezi au kila mwaka, na kazi ikakamilika kwa siku mbili. Ya tatu ni kusajili jina lao wenyewe, kukodi nafasi katika seva, na kusimika humo programu huria kama WordPress, au kurasa chache tu zilizoandikwa na fundi kwa mkono wake.

Ili kuzipima njia hizi, ni vyema kwanza kwenda Mombasa. Katika mitaa kama Majengo kuna aina ya milki inayoitwa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye kiwanja ijara, na nyumba ikawa mali yake kweli: aweza kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Sheria ya Kiingereza iliuona mpango huu kuwa kioja, kwani kwa kanuni yake kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ada ya mwambao, iliyolelewa na sheria ya Kiislamu, haikuona tatizo kutenganisha: ardhi ya huyu, jengo la yule. Unguja na Pemba nako mtu aliweza kumiliki mnazi au mkarafuu uliosimama katika shamba la mwenziwe.

Mwenye nyumba bila ardhi hakuwa mtwana wa mwenye kiwanja, wala hakuwa huru naye. Usalama wake ulikuwa katika jambo moja. Akiambiwa aondoke, alikuwa na haki ya kubomoa na kuchukua vyake: boriti, milango, madirisha na mabati. Alipoteza mahali, hakupoteza nyumba yote. Hapo ndipo heshima ya mpango ule ilipokuwa, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kuletwa katika mtandao. Mtu akijenga kwa mwenziwe, na aulizwe hivi: siku ya kuondoka ataondoka na nini?

Kwa kipimo hicho, wapangaji wengi wa mtandao wana hali duni kuliko mpangaji wa Majengo. Aliyejenga kwa Wix, kwa mfano, hawezi kuing'oa tovuti yake nzima na kuisimamisha katika seva ya kampuni nyingine. Ataweza kunakili maneno na picha, kimoja baada ya kimoja, lakini jengo hubaki nyuma. Aliye kwa wakala wa vyumba ana machache zaidi, kwani sifa alizoandikiwa na wageni kwa miaka kumi haziwezi kutiwa mkobani. Na aliyeko katika ukurasa wa Facebook hukaa kwa hisani. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa muda wa saa 6 hivi, na duka ambalo halikuwa na mlango mwingine lilifungwa siku ile bila ya mwenyewe kugusa komeo.

Kuna mifano mikubwa zaidi. Mwaka 1994 ilianzishwa huko Marekani huduma iliyoitwa GeoCities. Ilimgawia kila aliyetaka kiwanja cha bure katika mitaa yenye majina, kila nyumba na nambari yake, na wakaazi ikawaita kwa neno la Kiingereza wanaloitwa watu waliopewa ardhi ili wahamie na kuijenga. Mamilioni walijenga. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga. Sehemu ya yaliyokuwamo iliokolewa na watu wa kujitolea waliokimbilia kunakili kabla ya siku ya mwisho. Karibu zaidi na mada hii, mwaka 2017 Google iliwapa wenye biashara ndogo tovuti nyepesi za bure. Machi 2024 ikazizima, na baada ya tarehe 10 Juni mwaka huo anwani zile hazikumfikisha mtu popote. Kinyozi au mshona nguo aliyekuwa ameichapisha anwani ile katika kadi zake alibaki na karatasi.

Ni haki kukiri kuwa katika visa hivi hakukuwa na uvunjaji wa ahadi ya sheria. Mwenye ardhi aliitaka ardhi yake, na masharti yalimruhusu. Lakini ubaya wa jambo hauishii pale ambapo sheria imenyamaza. Anayewaita watu waje wajenge, akajua kuwa ujenzi wao ndio unaoipa ardhi yake thamani, ana wajibu kwao hata kama hakuuandika. Mwenye kiwanja wa Mombasa aliufahamu wajibu huo kwa sababu alikutana na mpangaji wake msikitini. Kampuni iliyoko ng'ambo haikutani na mtu.

Hapa mpinzani ana hoja, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba katika mtandao hakuna asiye mpangaji. Hata yule aliyeishika njia ya tatu hulipia jina lake mwaka hadi mwaka, na akisahau kulipa, jina huenda kwa mwingine. Seva nayo ni ya kukodi. Umeme ni wa shirika, na nyaya zilizolala chini ya bahari ni za makampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na aliyejenga kwake na aliyejenga kwa mwenziwe wote walitaabika. Iko wapi basi hiyo ardhi ya mtu mwenyewe?

Hoja ni ya kweli, na jibu si kuikana. Binadamu hana milki isiyo na sharti, si katika mtandao wala katika nchi kavu. Lakini kutokana na kwamba wote ni wapangaji haifuati kwamba upangaji wote ni sawa. Mpangaji wa njia ya tatu akikosana na mwenye seva, huchukua mafaili yake yote, akayapeleka kwa mwenye seva mwingine, kisha akalielekeza jina lake huko. Mgeni aandikapo anwani ile ile hufika, wala hajui kuwa nyumba imehama usiku. Huyu ana boriti zake, ana milango yake, na zaidi ya hayo ana jina lake. Anayeweza kuhama huheshimiwa hata asipohama, kwa maana mwenye ardhi ajuaye kwamba mpangaji aweza kuondoka na vyake hufikiri mara mbili kabla ya kupandisha ijara.

Wepesi huo wa kuhama haukujileta wenyewe. Tarehe 30 Aprili 1993, taasisi ya utafiti ya CERN, iliyoko karibu na Geneva, ilitangaza kuwa uvumbuzi wa mtandao wa kurasa, uliobuniwa hapo na Mwingereza Tim Berners-Lee, ni wa watu wote, na hakuna atakayedaiwa malipo kwa kuutumia. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walianzisha WordPress chini ya leseni ambayo humruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, kwa sharti kwamba atakayeigawa baada ya kuibadilisha awape wenziwe uhuru ule ule alioupata yeye. Watu wa visiwani hawana haja ya neno la kigeni kulielewa jambo hili. Linakaribia mno wakfu: asili yake haifungiwi mlango na mtu mmoja, na manufaa yake hugawika kwa kila ajaye.

Wapenzi wa mashairi wanacho kielelezo kilicho karibu zaidi. Vina na mizani ni mali ya nani? Mtunzi aandikaye ubeti wa mishororo 4, kila mshororo mizani 16, 8 kwa 8, hamlipi mtu ijara. Umbo alilikuta, atalitumia, ataliacha, na hapana atakayemwandikia kuwa kuanzia mwezi ujao kina cha kati kitatozwa ada. Wala kushirikiana umbo moja hakukuwafanya watunzi kuwa na sauti moja: Muyaka bin Haji wa Mombasa na Shaaban Robert wa Tanga walitembea katika bahari ile ile, na asiyeweza kuwatofautisha bado hajawasoma. Kwa hivyo lawama inayosikika mara kwa mara, kwamba violezo vimezifanya tovuti zote zifanane, hailengi penye kosa. Kufanana umbo si aibu. La kuogopwa ni umbo lenye mwenyewe, ambalo mtunzi akitaka kuondoka hulazimika kuziacha beti zake humo.

Hata hivyo uhuru una kazi zake, na anayeusifu bila ya kuzitaja kazi hizo hamtendei haki msikilizaji. Programu huria hutaka kutunzwa. Hutoka matoleo mapya ya kuziba nyufa, na tovuti iliyoachwa miaka miwili bila ya kuguswa ni paa la makuti lililopitiwa na masika mawili bila ya kuezekwa upya. Wezi wa mtandao hawachagui ukubwa wa nyumba. Huingia palipo wazi, wakamwekea mwenye nyumba ya wageni matangazo ya kamari katika ukurasa wa vyumba vyake. Mwanamke apikaye vileja na visheti kwa wateja wa mtaani, naye alfajiri yuko jikoni na usiku yu na watoto, hana sababu ya kubebeshwa mzigo huo ili aonekane mwenye msimamo. Mtu hujikuna ajipatapo. Nambari ya simu na picha chache zamtosha, na hana hatia ya kukaa kwa mwenziwe. Linalompasa ni dogo: majina na nambari za wateja wake ayaandike katika daftari lake, ili siku ukurasa utakapozimwa asipoteze watu pamoja na mahali.

Wajibu, basi, hupimwa kwa kinachoweza kupotea. Kadiri riziki ya wengi inavyoegemea mlango mmoja, ndivyo inavyokuwa kosa zaidi kuujenga mahali ambapo hautang'oka. Nyumba ya vyumba 6 inayolisha familia na wafanyakazi watatu haiko katika daraja moja na sinia la visheti.

Njia ya tatu nayo ina mtego wake, na mtego huo hauko ng'ambo, uko mtaani. Wengi hawasajili jina lao kwa mikono yao. Humwachia fundi, na fundi husajili kwa jina lake na kwa barua pepe yake, pengine bila ya nia mbaya, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Miaka inapita. Fundi anahama, au wanakosana, au anafariki. Hapo mwenye biashara hugundua kuwa jina lililochorwa juu ya mlango wake, lile linaloishia kwa .co.tz au .com, katika daftari la msajili si lake. Alikimbia kuwa mpangaji wa kampuni kubwa, akawa mpangaji wa kijana mmoja bila ya kujua.

Mintarafu ya jambo hili, lugha ya pwani inalo neno lililo kamili: amana. Aliyekabidhiwa kusajili jina la mwenziwe amekabidhiwa kitu cha watu, na kukiweka kwa jina lake ni kuichanganya amana na mali yake. Fundi mwema hukabidhi mambo matatu kabla hajapokea malipo ya mwisho: jina lililosajiliwa kwa mwenyewe, maneno yote ya siri, na nakala ya tovuti nzima ambayo fundi mwingine aweza kuisimamisha. Lakini amana hutembea kwa miguu miwili. Mwenye biashara ambaye humwita kijana wa mtaani, akamfanyisha kazi ya mwezi mzima kisha akamlipa soda na shukrani kwa hoja kwamba ni mtoto wa jirani, asistaajabu kijana huyo akilishika jina kama rehani. Dhuluma ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili.

Baada ya kujua ni nani mwenye mlango, linabaki swali la kinachooneshwa mlangoni. Waislamu wa mwambao wanaijua habari ya Mtume kupita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula na vidole vyake vikakuta maji ndani, na muuzaji akadai kuwa ni mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Tovuti ni lundo la aina hiyo, na mgeni hana mkono wa kutia. Picha iliyopigwa kutoka pembeni mwa dari hukifanya chumba cha hatua nne kionekane ukumbi. Picha ya ufuko uliopo mwendo wa saa moja huwekwa juu kana kwamba mawimbi yanagonga ngazi. Sifa hununuliwa, au huandikwa na binamu. Kampuni zinazokodisha violezo huja na picha nzuri za watu wasiojulikana wakicheka katika vyumba visivyojulikana, na ni rahisi mno kuziacha hapo. Aliyeandika kuwa ngazi ni za kupanda kwa kamba, kama zilivyo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na kuwa sauti ya adhana itasikika alfajiri, ameiweka nafaka iliyolowa juu. Huenda akapoteza wageni wachache. Watakaokuja watakuwa wamekuja kwake, si kwa picha.

Kuna na adabu ya ukarimu. Mgeni wa tovuti hulipa kabla ya kukaribishwa, kwani kila picha hula sehemu ya kifurushi chake. Picha 10 zilizotoka moja kwa moja katika simu, kila moja megabaiti 4, humgharimu megabaiti 40. Zikipunguzwa ukubwa kwa uangalifu, zote pamoja zaweza kuwa chini ya megabaiti 2, na jicho lisione tofauti. Anayeupakia ukurasa wake mapambo mazito amemwalika mgeni kisha akamtoza nauli ya kuvuka ukumbi. Na wakati mawasiliano yanapodhoofika, kama ilivyokuwa Mei 2024, ukurasa mwepesi ndio unaopenya.

Lugha nayo ni mlango. Tovuti nyingi za biashara za visiwani husema Kiingereza, na baadhi Kitaliano, kwa sababu inayoeleweka: ndiko fedha zitokako. Lakini ukurasa usio na hata sentensi moja ya Kiswahili humwambia mtu wa Tanga, wa Lamu, wa Bujumbura, au mjukuu wa Wazanzibari aliyeko Maskati, kuwa hakutazamiwa. Ukurasa wa pili wa Kiswahili haugharimu ijara zaidi. Hugharimu jioni moja ya kuandika, na mwenye kuandika akiwa ameyapima maneno yake, huo ndio ukurasa pekee ambao hakuna kiolezo kitakachoweza kumwandikia.

Siku ambayo maamuzi haya yote hupimwa mara nyingi si siku ya biashara. Ni siku ya mirathi. Mjane wa vyumba 6 akifariki, wanawe watahesabu vitanda, majenereta, akiba na madeni. Wakiulizana ni nani anayelijua neno la siri, na jina la nyumba limeandikwa kwa nani, majibu yataonesha kama marehemu aliacha nyumba au aliacha picha ya nyumba. Kuandika mambo hayo katika karatasi moja, na karatasi ile ikawekwa pamoja na hati nyingine za familia, hakuhitaji elimu ya kompyuta wala mtaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.